Kisanduku Kilichonyamaza

Hebu mwone Sekar alivyokaa, mgongo wima, kidole juu ya kitufe, sikio limeinamia kompyuta yangu, na macho yake yasiyowahi kuona yameelekea dirishani anakogonga bakuli muuza supu ya bakso, nami nimesimama nyuma yake kama mtahiniwa, mimi niliyemshika mkono akapapasa nukta zake za kwanza za Braille... maana fomu hii ya kuomba nafasi chuoni nimeitengeneza mimi, si kisanduku kimoja kimoja, la, nimeandika programu fupi ya Python, naipa maswali, inatoa ukurasa mzima, na kila swali inalifunga kwenye kisanduku chake ili sauti ya kompyuta imwambie asiyeona hapa anaulizwa nini, na chuo kimesema ikisomeka yote itawekwa mtandaoni leo, isiposomeka wasioona waje na walezi wa kuwajazia, kama miaka yote, na mlezi wa Sekar ni Pakde, baba yake mkubwa, ambaye akishika kalamu ataandika kozi ya ukandaji wa mwili, kazi waliyozoea kupewa wasioona, si ualimu anaoutaka Sekar, tena kwa mapenzi, "Vidole hivi ni vya kukanda, Nduk, binti yangu, utakula wapi na chaki"... jana niliijaribisha kwa Mas Darmaji, mwanafunzi wangu wa zamani, naye haoni, akabonyeza, akabonyeza, akatulia mahali, akanywa chai, "Imeshakuwa nzuri, Bu, pole kwa kuhangaika," Bu ndiye mimi, mwalimu wao, nikalala nimeridhika, kumbe katika mji huu wa Yogya nani atamwambia mwenyeji mboga haina chumvi, hata mimi singesema, ningemaliza sahani na kuomba nyingine...

"Bu, samahani. Nikisema utanuna?"

Sema, Nduk, nikamjibu...

"Pakde kaitwa mara mbili. Mimi sijaitwa."

Anabonyeza tena nisikie, kisanduku cha kwanza, *jina, jina*, cha pili, *tupu*, tupu tu, na macho yangu yanaona neno Jina limeandikwa vizuri kando ya vyote viwili, kwa anayeona hakuna kasoro... karatasi ya zamani ya chuo ilimtanguliza mlezi, nikaufuata mpangilio wake, na programu yangu inatunga kitambulisho, alama ya kufungia swali kwenye kisanduku chake, kutokana na neno la swali, sehemu ya mlezi Jina, sehemu ya mwombaji Jina, vitambulisho vikafanana, majina yote mawili yakafungwa kwa mlezi, na mtoto mwenyewe akabaki kimya, mahali pale pale, sasa najua, Mas Darmaji alipotulia akanywa chai...

"Bu, umenyamaza kama kisanduku chako," anacheka, "basi mwenzako nikusomee nini?" na mimi nacheka, si kwa aibu, kosa ni la mstari mmoja tu, kila kitambulisho nikipe namba yake, kitapona kabla ya adhuhuri, bali kwa shukrani, maana miaka yote nimewafundisha watoto hawa kusema asante, Bu, nimeelewa, Bu, na huyu mmoja ameniamini kiasi cha kuniambia hajasikia, na kidole chake bado kiko pale pale kwenye kitufe, ananingoja, muuza bakso bado anagonga... Sekar, mwanangu, siku utakaposimama mbele ya darasa lako mwenyewe, nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mtoto anayekuambia hapa sisikii, bado anataka kukusikia.