Asante, Bibi Mdogo

Ozella Pettway aliisubiri sinema hiyo tangu kanisani walipoanza kuisimulia. Walisema mle kuna mwanamke mweusi ambaye hakuwekwa kubeba sinia na kuchekesha watu tu. Yeye ni mama hasa, na ana binti mweupe wa ngozi anayemkana hadharani.

"Beba leso mbili," Dada Maybelle wa kanisani alimwambia. "Moja yako, nyingine yangu, maana mimi nitasahau."

Jumamosi alimvalisha Clarice gauni la Pasaka, wakaenda. Clarice alikuwa na miaka saba, mweupe na nywele laini, amemfuata bibi mzaa baba. Katika mji ule wa Alabama, weusi waliingilia mlango wa pembeni na kupanda ngazi za nje hadi roshani. Kabla Ozella hajazifikia ngazi, msichana mzungu wa tiketi akamwita kwa jina ambalo wazungu walimwitia kila mwanamke mweusi.

"Shangazi! Unampeleka wapi mtoto wa watu huko kwenye joto? Mama yake akijua utakosa kazi. Pita huku, ukae naye chini."

Ozella alielewa papo hapo. Yaya mweusi aliweza kukaa katikati ya wazungu, mradi amemshika mkono mtoto wa kizungu. Alifumbua mdomo amsahihishe. Lakini mlango ulikuwa wazi, akaviona viti vya mahameli, akasikia upepo wa feni. Maisha yake yote alikuwa ameangalia sinema kwa kuchungulia kati ya vichwa vya watu.

"Asante, bibi mdogo," akasema, kama weusi walivyotakiwa kumwita kila msichana wa kizungu.

Kabla ya kuingia ukumbini alichuchumaa mbele ya mwanawe. "Mle ndani usiniite Mama. Niite Ozella."

"Kwa nini?"

"Ni mchezo."

"Na mkojo ukinibana?"

"Utasema, Ozella, nimebanwa."

Clarice alicheka mpaka akaziba mdomo. Ozella hakucheka.

Sinema ilikuwa kama walivyoisifu, na zaidi. Yule mwigizaji hakuhitaji kupiga kelele. Alikuwa akivua glavu tu, kidole kimoja kimoja, na ukumbi mzima ulinyamaza. Ozella alijivunia kana kwamba ni dada yake wa tumbo moja. Basi yule mama akaingia katika duka la mikate alikoajiriwa binti yake akijifanya mzungu. Mteja akauliza, "Unamfahamu huyu?" Binti akajibu, "Alikuwa akitufulia zamani." Mama hakulia. Alichagua mkate, akaupokea kutoka mikononi mwa mtoto aliyemzaa, akasema taratibu, "Asante, bibi mdogo."

Maneno yale yale. Ozella alihisi kama amepigwa kofi. Binti wa kwenye sinema alijifunza kumkana mama yake akiwa mtu mzima. Huyu wa kwake alikuwa amefundishwa leo, na aliyemfundisha ni mama yake mwenyewe.

Mkono mdogo ulimvuta nguo. Clarice alikuwa analia. "Ozella, mimi si mbaya kama yule, eti?"

"Hapana, mwanangu. Mchezo umekwisha. Niite."

"Nikuite nani?"

"Unavyoniita nyumbani."

"Mama!"

Ilitoka kwa sauti kubwa. Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka. "Wee shangazi, huyo mtoto amekuita nani?"

Ozella alisimama. "Amesema kweli, bibi. Nimemzaa mimi, na uchungu wake bado naukumbuka."

Tochi ya mlinzi wa ukumbi iliwafikia haraka. "Toka!" Watu waliguna, mmoja akatukana. Ozella alimbeba mwanawe na kutembea katikati ya viti bila kukimbia, uso juu, mpaka nje. Huko akaegemea ukuta hadi pumzi ilipomrudia. Kisha wakapanda ngazi za pembeni.

Roshani ilikuwa inachemka. "Ulikuwa wapi wewe?" Maybelle alinong'ona huku akisogea. "Nusu imekupita!"

"Nilikuwa chini."

"Chini? Ukifanya nini?"

"Uyaya."

"Ulimlea nani?"

Ozella aliketi, akampakata mwanawe. Clarice alisimama juu ya mapaja yake, akawageukia watu wote wa nyuma.

"Huyu ni mama yangu!"

"Tunajua, mtoto," mzee mmoja alijibu gizani. "Kaa basi, unatuziba."

Wakacheka wote, na Clarice akakaa.