Ukoko wa Neema

Nchi ya Ndanindani ilikaa yote chini ya paa moja la vioo. Mvua waliisikia tu ikigonga juu kama mgeni asiyefunguliwa, jua liliwafikia limechujwa na vumbi la miaka, na kila kilichoota kiliota chunguni, kwa kipimo na kwa idhini. Katikati ya nchi, ndani ya ukumbi wa marumaru, ulisimama Mti wa Enzi katika chungu cha shaba chenye miguu, kipana kama kisima, na nyuma ya mti aliketi Mtukufu Hodhi, mnene, mpole wa sauti, ambaye tangu atawazwe hakuna aliyewahi kumtamkia neno "imetosha". Tundu la chini ya chungu alikuwa amelizibisha kwa lami. Kilichoingia kwake, alisema, hakina ruhusa ya kutoka.

Kila asubuhi Waheshimiwa kumi na wawili walipanga foleni kutia mbolea chunguni, ile ya unga iliyokusanywa kwa raia, ambao vyungu vyao wenyewe vilibaki na udongo uliopauka na mchicha mwembamba kama uzi. Hakuna Mheshimiwa aliyethubutu kutia kijiko pungufu, maana aliye nyuma yake alikuwa anatazama. Wa kwanza akitia kijiko cha kilele, wa pili hutia viwili. Mti ulipofifia wakasema una njaa, wakaongeza. Ulipofifia zaidi wakasema raia hawatoi kwa moyo. Na udongo ulipoota ukoko mweupe, mgumu, unaometameta, Mheshimiwa Shibe, msemaji wao, aliupa jina la ukoko wa neema, akawatangazia watu kuwa nchi imejaa hadi inatoa povu.

Aliyeutunza mti huo ni Bi Mwanakheri, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Sheria ya kazi yake ilikuwa fupi: mti ukifa, mtunzaji hutolewa nje ya paa na mlango unafungwa. Watatu waliomtangulia walikwisha kutolewa, na habari zao hazikurudi. Sasa Siku ya Kiapo, raia wote wajapo kuapa mbele ya mti, ilikuwa kesho, na adhuhuri ile aliona jani la mwisho la kijani limeanza kuungua ncha.

Ugonjwa wenyewe aliujua. Mama yake alikuwa akiotesha vitunguu katika vyungu vilivyovunjika, akimwambia kuwa chumvi ikizidi udongoni, mzizi haunywi tena. Udongo ndio unaounywa mzizi. Mti wa Enzi ulikuwa unakufa kwa kiu nao umesimama kwenye tope. Dawa yake ni kuukwangua ule ukoko, kisha kumimina maji matupu, mengi, taratibu, yapite yatoke chini, mara tatu, bila kuyaacha yatuame. Lakini yatokee wapi? Kuzibua chungu cha Mtukufu ni uhaini, na adhabu yake ni mlango ule ule. Akizibua atatolewa leo, asipozibua, kesho. Tofauti ilikuwa ya mti tu.

Basi alingoja Mtukufu na Waheshimiwa waingie chumba cha pili kula. Alijaza ndoo zake kwenye tangi lililokuwa uani hadi likaisha maji, akazibeba mbilimbili, akamkabidhi Mola nafsi yake, akalala chali chini ya chungu na patasi na nyundo mikononi. Kila pigo la nyundo alilipigisha pamoja na kicheko cha walao. Lami ilipoachia, hakukimbia. Aliukwangua ukoko, akaanza kumimina.

Maji yalitoka meusi, kisha ya kahawia yenye povu jeupe, yakajaza beseni alilotega, yakafurika, yakatambaa juu ya marumaru hadi mlango wa chumba cha chakula, yakapita chini yake. Kicheko kilikatika. Walitoka wote, Mtukufu nyuma yao, na askari akamshika Bi Mwanakheri mkono.

"Nani kakuruhusu kuitoboa enzi?" akauliza Shibe.

"Mti, Mheshimiwa."

"Ohoo, mti siku hizi una mdomo?"

"Una majani. Tazama ncha zake."

Shibe aliwageukia wenzake, akasema mwanamke huyu ameimwaga neema ya nchi sakafuni, kwa hiyo ikusanywe tone kwa tone irudishwe chunguni, na yeye apelekwe mlangoni. Askari alimvuta. Bi Mwanakheri hakuvutika.

"Kama ni neema, baba, onja," alisema. "Kinywa chako kikiikataa, niambie mzizi ungeinywaje."

Mtukufu Hodhi alilitazama beseni, akasema, kwa ile sauti yake laini, "Kunywa, Shibe."

Shibe alichota kikombe, akanywa hadi chini, shingo imemkakamaa. "Tamu," akasema. Wa pili, kwa kuwa alitazamwa, akanywa viwili, akasema ni tamu kuliko asali. Wa tatu hakuweza kunywa chini ya viwili. Walipomaliza wote, macho yao yalimwendea Mtukufu, kwa adabu kubwa, na mmoja akamjazia bilauri ya dhahabu. Hakuwa na pa kuitua. Akanywa.

Kiu haikuchelewa. Iliwashika kooni mmoja baada ya mwingine, midomo ikawapauka, ndimi zikawa kama magome. Shibe alitaka kumwamuru askari na sauti haikutoka. Askari alimtazama Shibe, akamtazama Mtukufu, akangoja amri; vidole vyake vikalegea kwenye mkono wa Bi Mwanakheri. Maji safi yaliyosalia ukumbini yalikuwa ndoo moja, nayo ilikuwa miguuni pake.

"Bi Mwanakheri," alinong'ona Mtukufu Hodhi, akiinyoosha bilauri. "Mama. Kidogo tu."

Mti ulikuwa umesuuzwa mara mbili, bado ya tatu. Bi Mwanakheri alitaja jina la Mungu, akainyanyua ndoo kwa mikono yote miwili. Watu kumi na watatu walifuata mdomo wa ndoo kwa macho, wala hakuna aliyekumbuka tena mlango uko upande gani.