Macho ya Bibi

Mama mkwe wangu hapendi kushindwa, hata na kliniki. Aliposikia kwamba watoto wa miaka miwili siku hizi hawapimwi uzito tu, wanapimwa na makuzi, kama wanasikia, wanaongea na kucheza sawasawa, alimfanyisha mjukuu wake mazoezi wiki nzima. Lete kijiko. Weka kikombe. Mtoto akipatia, bibi anapiga vigelegele hadi majirani wanachungulia.

Mimi roho haikutulia. Binti yangu alikuwa hajatamka hata "mama".

"Baba yake naye alichelewa," mama mkwe alinikata kauli, "na sasa nani atamnyamazisha?"

Nilicheka, lakini hofu haikuniisha.

Kliniki, muuguzi alitandika mkeka, akamwaga vitu vya kuchezea. "Nipe mpira." Mtoto akatoa mpira. "Kiatu kiko wapi?" Akakishika. Bibi, aliyekaa akitazamana na mtoto, kichwa kilimvimba kwa fahari.

"Huyu hana neno," alisema muuguzi, akichukua kalamu.

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri mama mkwe. Mdomo kaufunga, mikono imetulia mapajani, lakini macho! Yalikuwa yanatangulia kwenye kitu kilichotajwa, mtoto anayafuata. Hakuwa na hila, maskini, ndivyo walivyozoeana. Kumkosoa mama mkwe mbele za watu si mchezo, na mimi namwogopa tangu siku ya kwanza. Lakini niliona tunarudishwa nyumbani na jibu la uongo.

"Mama," nikasema, "nakuomba ufumbe macho."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akafumba.

Muuguzi akasimama nyuma ya mtoto. "Nipe kikombe." Kimya. Akapiga makofi. Mtoto hakugeuka, alikuwa anamtazama bibi yake, anangoja afumbue.

Tulipelekwa palepale kwa daktari wa masikio, chumba cha pili. Maji yamejaa nyuma ya ngoma za masikio, akasema. Yanatibika, na tumewahi. Nililia kwa furaha bila haya.

Mama mkwe alisimama getini. Alikuwa amembeba mjukuu wake, shavu kwa shavu.

"Ningekuja naye peke yangu," akasema, "wangempa alama zote."