Jiwe Jeupe Shinani

"Ondoa mkono huo, Awil!"

Ebado alifika juu ya jabali akihema, ushungi umemteleza mabegani. Alikuwa amechelewa. Kisu cha kugemea kilikwisha kubandua gamba la mti wa ubani, kipande cha ukubwa wa ukucha, na utomvu mweupe ulikuwa ukichuruzika. Jiwe lililopakwa chokaa, alama ya mti unaopumzishwa, ambalo marehemu baba yao aliliweka shinani, lilikuwa limetupwa kando.

"Nani kaliondoa jiwe?"

"Mbuzi," alijibu mdogo wake bila kugeuka.

"Mbuzi wako siku hizi wana vidole?"

Awil alitaka kucheka, akajizuia. "Dada, gunia limefika nusu tu, na gari la mnunuzi linakuja Alhamisi. Miti yote ya baba imechoka. Huu peke yake ndio ulionona, nawe unataka tuutazame tu kama bibi harusi!"

"Aliyeweka jiwe ndiye anayeliondoa. Ndivyo tulivyolelewa."

"Aliyeliweka yuko kaburini. Tumngoje afufuke?"

Kwa miaka thelathini Ebado alikuwa ameketi katika pango la kuhifadhia ubani akiuchambua, punje kubwa huku, vumbi kule, na kila mwaka vidole vyake vilikuta punje ndogo kuliko za mwaka uliopita. Misimu mitatu mfululizo alipanda mbegu za ile miti mingine katika makopo ya maziwa, akazimwagilia maji aliyonawia uso. Haikuota hata moja.

Alifungua fundo kwenye pindo la ushungi. Mlikuwa na mbegu za aina mbili, kila moja kwenye kikaratasi chake.

"Kaa chini. Tafuna hii."

"Unanilisha mbegu? Hata chai sijanywa."

"Tafuna, we mkaidi!"

Awil alitafuna, akatema. "Ganda tupu. Hamna kitu ndani."

"Hiyo ni ya miti tunayoigema kila mwaka. Haya, na hii."

Mbegu ya pili iligoma chini ya jino. Aliibana tena, ikapasuka kwa mlio mdogo. Akaacha kutafuna.

"Ina kiini," alisema polepole.

"Hiyo ni ya huu. Umepumzika miaka miwili. Mti unaokamuliwa kila msimu utapata wapi nguvu ya kuzaa?"

Upepo ulipanda kutoka baharini, ukayatikisa maua machache yaliyosalia, na nyuki wakahama tawi. Awil alikitazama kisu chake.

"Na gunia?"

"Litaondoka nusu. Mnunuzi nitamwambia mimi. Ananiogopa."

"Nani asiyekuogopa?"

Awil aliinuka, akaliokota jiwe, akalifuta vumbi kwa pindo la kikoi chake na kulirudisha shinani. Alilisukuma mara mbili mpaka likakaa sawasawa.

"Haya. Sasa aliyeliweka ni mimi."

"Najua," alisema Ebado. "Ndiyo maana bado nina wasiwasi."

Safari hii Awil alicheka. Wakaketi bega kwa bega, migongo yao ikiegemea jabali. Mbele yao, kwenye lile jeraha moja, tone la kwanza lilikuwa limeanza kuganda, likishika jua. Kisu kilikuwa karibu, na kikapu cha kukusanyia ubani kilikuwa karibu, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.