Kota ya Mtu wa Josho

Marieta alikuwa anapembua maharage kwenye ungo, mlango wazi apate mwanga, Evarist alipoingia uani na mgambo wawili nyuma yake. Hakupiga hodi. Alitoa shikamoo, tena shikamoo nzuri ya kunyoosha, kama ya kijana aliyekuja kuposa.

"Marahaba," Marieta akajibu. Shikamoo haikataliwi, hata ikiletwa na mtu wa namna gani.

"Mama, nilikuja juzi, nikaja na jana. Leo nimefuata ufunguo. Mwalimu mpya yuko njiani."

Evarist alikuwa afisa wa nyumba wa halmashauri, na kota hii ya vyumba viwili hapa Gitting, yenye bati lililopauka na ukuta ulioliwa na mvua upande wa mlimani, ilikuwa mali ya halmashauri. Basili, mume wa Marieta, alipewa alipoajiriwa kwenye josho la ng'ombe. Watoto wote walizaliwa humo, wakakua, wakatawanyika kutafuta maisha. Humo humo Basili akafa, mwaka jana masika yalipokwisha. Baada ya mazishi Marieta aliendelea kulipa kodi, na halmashauri ikaendelea kuipokea bila kuuliza anayelipa ni nani. Walipoitaka nyumba ndipo walipokumbuka kwamba Basili amekufa.

"Mkataba ulikuwa wa marehemu," Evarist alisema. "Marehemu hana kota, mama."

"Na kodi mliyokuwa mnapokea? Alikuwa anaileta kutoka makaburini?"

Mgambo mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Shauri langu liko kwenye baraza la ardhi na nyumba Katesh," Marieta akaendelea, mikono haijaacha maharage. "Nitasikilizwa Alhamisi. Karani ameniambia, kabla sijasikilizwa hakuna wa kunitoa, labda nitoke mwenyewe kwa hiari yangu. Sasa mimi nimetoka? Si unaniona nimekaa."

Evarist akajikuna shingo. Alijua mama anasema kweli, na ndiyo maana amekuja leo, hakungoja Ijumaa.

"Mimi natumwa tu, mama."

"Natumwa tu" ni blanketi la watu wenye mishahara. Hujifunika nalo wote na bado linatosha. Evarist akajifunika, akaenda kukaa kwenye jiwe la kufulia na mgambo wake, kumsubiri mwalimu.

Marieta aende wapi? Shamba la ukoo wa Basili, kule Gehandu, ndugu zake walishagawana zamani, wakisema yeye ana nyumba ya serikali. Katesh chumba kisicho na dirisha kimepanda bei mpaka anayekipanga anakosa cha kupika ndani yake. Hayo Marieta alimweleza Evarist juzi, naye akatikisa kichwa kwa huruma, halafu akauliza tena habari za ufunguo.

Lakini kuna jambo ambalo hakumweleza, kwa kuwa si jambo la kumwambia afisa. Kila jioni Basili alipotoka joshoni, nguo zikinuka dawa ya kupe, hakuingia ndani moja kwa moja. Alisimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, akaita: "Hodi! Serikali ipo?"

Naye Marieta alijibu kutoka jikoni: "Serikali imetoka. Karibu."

Hivyo kila siku, mpaka watoto wakachoka kuusikia utani huo. Basili alisema ni vizuri mtu akumbuke anakaa kwa nani. Marieta alidhani ni masihara tu. Siku hizi wingu likishuka kutoka mlimani na mbuzi wa jirani wakirudi, masikio yake yalihamia mlangoni. Alijua fika Basili amelala nyuma ya kanisa. Masikio hayakujua. Alimtamani mumewe kama msichana, wala hakuona aibu, na hapakuwa na mahali pengine duniani pa kumngojea.

Saa za jioni akaingia ndani kuwasha moto. Upepo ulikuwa unapiga bati, kwa hiyo hakusikia bodaboda iliposimama barabarani. Aliyeshuka alikuwa binti mwembamba, Violeth jina lake, mwalimu aliyepangiwa huku kutoka Songea. Tangu afike alikuwa analala ofisini shuleni, juu ya meza. Evarist akamwonyesha mlango kwa kidole: ingia. Lakini Violeth alilelewa na watu. Aliona moshi ukitoka, akasimama kizingitini na godoro lake begani.

"Hodi!"

Marieta alikuwa anapuliza moto, mgongo mlangoni, macho yamejaa moshi. Ilikuwa saa ile ile. Neno likamtoka kabla hajalishika.

"Serikali imetoka. Karibu."

Evarist akaruka kutoka kwenye jiwe. "Mmesikia? Amemkaribisha mwenyewe. Kwa hiari yake! Nyinyi ni mashahidi."

Marieta akageuka. Akaliona godoro kwanza, kisha binti.

"Shikamoo mama," Violeth alisema. "Niliambiwa nyumba haina mtu."

"Marahaba. Na mimi ni nini, mwanangu?"

Violeth akamtazama Evarist. "Afisa, hapa pana mtu."

"Amekukaribisha, mwalimu. Usipoingia leo nampa mwingine, wewe urudi kwenye meza yako."

Binti akainamisha uso, akalishusha godoro. Baridi ya Gitting ilikuwa imeshamfundisha kunyamaza.

"Karibu ile haikuwa yake," Marieta alisema taratibu. "Ilikuwa ya mume wangu."

"Marehemu?" Evarist akauliza.

Safari hii mgambo hakucheka.

Vikatolewa kitanda, masufuria, debe la mahindi. Maharage yaliyokwisha kupembuliwa yakamwagwa pamoja na yale machafu. Ufunguo Marieta hakuutoa. Wakauchukua wenyewe msumarini. Hilda, jirani wa kota ya pili, akaja bila kuitwa, akavipokea vyombo barazani kwake, akimtukana Evarist kwa Kiiraqw, ambacho Evarist hakukijua na hilo lilikuwa bahati yake.

Giza lilipoanza kuingia, baridi ikashuka. Hilda akasema, jifunike koti. Hapo ndipo Marieta alipolikumbuka koti la Basili. Lilitundikwa nyuma ya mlango, na kutwa nzima mlango ulikuwa wazi umeliegemea, hakuna aliyeliona.

Akauvuka uwanja. Alhamisi angekwenda barazani, naye Evarist angekwenda na mashahidi wake, na wangesema alikaribisha, nao hawangekuwa wanadanganya. Angekwenda hivyo hivyo.

Mlango ulikuwa umefungwa, taa inaonekana kwa chini. Mkono wake ukaenda kwenye kitasa kama ulivyozoea maisha yake yote. Ukarudi. Marieta akasimama pale pale alipokuwa akisimama Basili, na kwa mara ya kwanza akajua mtu anajisikiaje akiwa hapo.

"Hodi," akaita. "Serikali ipo?"

Ndani godoro likasogezwa. Kisha sauti ya binti, ya mtu aliyekuwa analia:

"Ni mimi tu, mama. Karibu."