Kiti cha Karani Salat

Saa mbili asubuhi Salat alifuta vumbi mezani, akajaza wino, kisha akamkalia ngamia. Ngamia huyo aliitwa Dero. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, pale ambapo kiti kingekuwa, akicheua polepole ili asitikise kalamu.

Dero alikwisha kuliwa zamani. Nurto, mamake Salat, alimuuza mwaka wa ukame ili mwanawe asome, na mchinjaji wa Rhamu akamaliza nyama yake siku hiyo hiyo. Salat alipohitimu na kuajiriwa katika kituo kimoja cha serikali kando ya Mto Daua, aliambiwa kwamba makarani wenyeji husimama mpaka wathibitishwe kazini. Akasimama hadi miguu ikavimba. Asubuhi moja akamkuta Dero mahali pake. Bwana mkubwa alichungulia, akaamuru samadi izolewe mapema, akaenda zake. Miaka ilipita, uthibitisho haukuja, na mshahara wa Salat ulikuwa sawa na wa mfagiaji asiyejua alifu wala be.

Kwao alisimulia mengine kabisa. Kila alipopewa likizo aliwaeleza habari za kiti cha mbao chenye mikono, na jinsi watu wanavyongoja kimya mpaka ainue uso. Uongo ulianza kama utani tu, ukaota mizizi.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku moja Nurto alikuja kituoni na Olow, mtoto wa dada yake, aliyemaliza skuli juzi juzi. Babake Olow naye aliuza ngamia kwa ajili ya masomo hayo, dume mwekundu mwenye sikio lililopasuka. Sasa Olow alipaswa kuchagua: ukarani, au biashara ya ngozi na samli ya mjomba wake kule Mandera. Ukoo mzima ulikubaliana afuate neno la Salat, kwa kuwa Salat ndiye aliyefika.

Nurto alisimama mlangoni. Akamtazama mwanawe, kisha akamtazama Dero. Salat aliona haya mpaka masikio yakamuwaka moto.

"Kumbe uko huku," Nurto akamwambia ngamia. "Umekonda."

"Hooyo," Salat akamwambia mamake, "kiti kimepelekwa kwa seremala."

Nurto alishusha chombo cha maziwa begani. "Mkamulie mgeni. Au serikali imekusahaulisha?"

Kwao mwanamke hakamui ngamia, na Olow alikuwa mgeni. Dero akainuka. Salat akasimama kwa mguu mmoja, akaegemeza chombo juu ya goti la suruali yake ya kaki, akakamua. Karani aliyetoka pwani, ambaye alikuwa na kiti, aliendelea kugonga mihuri. Maziwa yalitoka na povu, ya moto.

Olow akanywa, akafuta midomo. "Kaka, wallahi niambie kweli. Kazi hii ni nzuri? Nije?"

Jibu Salat alilijua, na lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini kulitoa kungekuwa kumwambia mamake kwamba Dero aliliwa bure, na Dero mwenyewe amesimama pale akisikiliza.

"Nzuri," akasema. "Inshallah utazoea."

Nurto alifunga mfuniko wa chombo taratibu, akampapasa ngamia shingoni, akatoka bila kumuaga mwanawe.

Jumatatu Olow akaripoti kazini amevaa shati jipya, cheti mkononi. Akaonyeshwa meza ya dirishani na kuambiwa kwamba atasimama mpaka athibitishwe. Hakulazimika kusimama. Dume mwekundu mwenye sikio lililopasuka alikuwa ameshapiga magoti pale, akicheua.

Mfagiaji alikwenda kutafuta koleo la pili la samadi. Olow akabaki katikati ya chumba, akimtazama Salat, akingoja. Salat hakuinua uso.