Moteri ya Serikali

Ngosa alikaa chini, mgongo ukutani, nywele hazijachanwa tangu mazishi. Kwenye matanga mjane huzungukwa na wanawake wenzake. Yeye walimwachia mkeka mzima, na upweke ule ulimuuma karibu sawa na kifo chenyewe.

Sababu ilikuwa sanduku. Serikali ilimleta Kunda, mumewe, ndani yake, likiwa limepigiliwa misumari, na askari wakazuia lisifunguliwe. Ndugu zake hawakumwosha. Hawakuona kifua kilichoungua. Na ukoo wao haufungi matanga mpaka shahidi ataje mbele ya watu kifo kimetoka wapi. Asipopatikana wa kutaja, mke ndiye aliyeua. Neno lake mwenyewe halihesabiwi. Atafukuzwa, mtoto abaki. Annie bado alikuwa ananyonya.

Kunda alikuwa kibarua uwanja wa ndege, ambako serikali ilitaka kuunda moteri yake yenyewe, injini ya ndeke ya kuruka angani kwenye joto la Katanga. Upuuzi mtupu. Mkuu mmoja aliagiza vyuma Ulaya. Aliyemfuata akavitupa, akaagiza vingine. Wa tatu akaamuru vyote viunganishwe haraka kabla ya sikukuu ya mwezi wa saba, maana wageni walikuwa wanakuja kutazama. Adrien, fundi Mbelgiji, alisema itapasuka. Akapandishwa gari moshi arudi kwao. Wakaiwasha. Ikapasuka, Kunda akiwa kando yake.

Faustin, mwenzake Kunda kazini, aliona yote. Ngosa alimfuata kwake.

"Mama Annie, nikisema, banakamata karatasi yangu ya kukaa mu mji. Niko na batoto."

Akafunga mlango taratibu, kana kwamba hiyo ingepunguza kitu.

Basi Ngosa akaenda kwa ofisa wa serikali, akasimama barazani hadi jua la utosi.

"Bwana Mukubwa, kuja useme mbele ya bandugu yake. Maneno tu. Sitaki kitu ingine."

"Kusema nini?"

"Ni moteri njo ilimuua."

Ofisa hakufoka. Afadhali angefoka.

"Moteri gani? Hapana moteri hapa, mama. Bwana yako alikufa na homa. Rudia nyumba."

Alasiri ile Chomba, kaka wa Kunda, alimweka katikati ya ua. Hakuwa mtu mbaya. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mama Annie, tumechoka. Ukikubali, utabaki na mutoto mpaka aache kunyonya. Ukinyamaza, unaenda leo. Ulimuua na nini?"

Annie alikuwa kwenye mapaja ya wifi ya Ngosa, akipapasa blauzi isiyo na maziwa.

"Ni miye," Ngosa akasema.

Ngurumo ikapanda kutoka uwanja wa ndege. Wale wa serikali walikuwa wameunganisha moteri nyingine. Mabati yakatetemeka, kuku wakatawanyika. Watu wakageuza shingo kuangalia huko, kisha wakainamisha vichwa.

Chomba aliweka kiganja sikioni.

"Hatusikii! Ngoja inyamaze, urudilie neno lako!"

Wakakaa wote, wakiingoja moteri inyamaze.